Kukagua mashine ya kukatia majani iliyotumika kabla ya kuinunua: mwongozo kamili

Zana nyingi za trekta huonyesha uchakavu wake waziwazi. Jembe likiisha unaiona ncha imelika, na haro ikichoka sahani zake zimepungua. Mashine ya kukatia majani haiko hivyo. Sehemu zake za gharama zimefungiwa ndani ya chuma, zinazunguka kwenye oili, na hakuna jicho linaloziona. Zinazoonekana, yaani visu, mapazia ya turubai na rangi, ndizo rahisi kubadilisha. Muuzaji mwenye siku moja ya kazi na kopo la rangi anaweza kuipendezesha mashine ambayo gia zake zimebakiza wiki chache.

Kwa sababu hiyo ukaguzi ninaoueleza hapa unatumia muda mwingi kwenye propela (shafti inayounganisha trekta na mashine), giaboksi (boksi la gia) na baa ya visu, na muda mchache kwenye bodi. Ukipewa saa mbili, saa moja na nusu iende huko.

Jua kwanza ni mashine ya aina gani

Watu huziita zote kwa jina moja, lakini kila aina ina mahali pake pa kufia.

Slasha ina giaboksi moja katikati na visu viwili au vitatu vizito vinavyoning'inia chini ya deki, yaani bamba linalovifunika. Kazi yake ni kufyeka vichaka na kusafisha malisho. Nyasi za kukausha haikati vizuri, maana inazikatakata vipande. Mashine ya madramu ina madramu mawili au zaidi yanayozungushwa kutoka juu. Ni nzito ukilinganisha na upana wake, ila ni ngumu na haina mambo mengi. Mashine ya diski ina baa ndefu bapa inayolala chini, na ndani ya baa hiyo kuna mlolongo wa gia zinazozungusha diski zote kwa pamoja. Inakata kwa kasi kuliko zote, na matengenezo yake ndiyo ya bei mbaya zaidi. Mashine ya kisu cha msumeno ina meno ya pembetatu yanayokwenda na kurudi kati ya vidole vya chuma. Haihitaji nguvu nyingi na inakata safi, lakini inataka mtu anayejua kuitengeneza. Mwisho kuna mashine ya nyundo, yenye rota ya mlalo iliyojaa visu vidogo vinavyobembea.

Baadhi ya mashine za diski na madramu huja na rola au vidole vya kuponda mabua ili nyasi zikauke upesi. Hizo ni mashine mbili ndani ya moja, na unazikagua mbili.

Kabla hujafunga safari

Mpigie muuzaji na umwombe namba ya modeli, namba ya chesisi iliyo kwenye kibati, upana wa kukata, na mwendo wa PTO inaouhitaji. PTO ni ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana. Mwulize imefanya kazi lini mara ya mwisho na kwa nini anaiuza. Omba picha ya sehemu ya chini ya baa. Omba pia asiioshe wala kuiwasha kabla hujafika, maana mashine baridi na chafu inasema mengi. Uvujaji ulioanza jana unaonekana kwenye vumbi, na ukishapigwa maji hauuoni tena.

Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka baada ya kulipa. Chukua namba ya modeli, uende au upige simu kwa wauza vipuri, uulize bei ya vitu hivi: giaboksi nzima, seti ya gia na beringi za diski moja, propela kamili, na seti ya visu na bolti zake. Andika bei hizo kwenye karatasi. Ukiambiwa vipuri vya modeli hiyo havipatikani tena, safari yako huenda imeishia hapo, hata mashine iwe nzima kiasi gani.

Hakikisha pia inaoana na trekta yako. PTO ya mizunguko 540 kwa dakika kwa kawaida ina shafti ya meno 6 yenye kipenyo cha milimita 35. Ile ya mizunguko 1000 ina meno 21 kwa kipenyo hichohicho, au meno 20 kwenye shafti nene ya milimita 45. Mashine ya 540 ikizungushwa kwa 1000 inakwenda karibu mara mbili ya kasi iliyoundiwa, na hapo kisu kinachong'oka kinaweza kuua mtu. Ukikuta mwisho wa propela kuna kiungio cha kugeuza meno, simama hapo na uulize maswali mpaka uridhike. Linganisha vilevile uzito wa mashine na uwezo wa mikono ya trekta yako kunyanyua, pamoja na ukubwa wa pini. Pini za chini za kundi la 1 zina unene wa milimita 22, za kundi la 2 zina milimita 28.

Beba tochi, sumaku, spana, kitambaa cheupe, tepu ya kupimia, chaki, kamba nyembamba ndefu, kipande cha kadibodi, glavu nene na chupa safi ya kuchukulia oili. Kama una kipimajoto cha miale, usikiache nyumbani.

Kabla ya kugusa chochote

Injini ya trekta izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwako wewe, si mwa muuzaji. Usiingize mkono chini ya mashine iliyonyanyuliwa kwa haidroliki peke yake. Weka stendi au magogo imara. Diski na madramu huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya PTO kuzimwa, na hazitoi kelele ya kukuonya, kwa hiyo usizisogelee mpaka uzione zimesimama kabisa.

Hatua ya kwanza: angalia chuma, achana na rangi

Simama mwisho mmoja wa mashine, inama, utazame fremu kwa urefu wake wote. Fremu iliyopinda utaiona. Kisha pita na tochi kwenye sehemu tatu zinazobeba mzigo: panapofungwa giaboksi, pembetatu ya kushikia trekta, na pini ya bawaba ambapo baa hukunjwa. Nyufa huanzia kwenye kona za machomeleo, na mara nyingi huonekana kama mstari mwembamba wa kutu uliopenya rangi.

Chuma kilichochomelewa si lazima kikutishe. Ukarabati uliofanywa na fundi mzuri, wenye bamba la kuongezea nguvu, unaweza kuishi kuliko fremu yenyewe. Kinachonitia shaka ni chomeleo lililowekwa juu ya chomeleo, na rangi mpya iliyopulizwa mahali pamoja tu.

Chunguza nipeli za grisi, vile vichwa vidogo vya kupigia grisi. Nipeli iliyofunikwa na rangi haijapigwa grisi tangu siku rangi ilipopulizwa, na huenda hata kabla ya hapo. Futa moja na kitambaa uone kama ndani yake kuna grisi laini au uchafu uliokauka ukawa kama udongo. Huyo ndiye mwenye mashine anakueleza alivyoitunza, bila yeye kusema neno.

Kibati cha namba ya chesisi kiwepo, na namba isomeke. Kikiwa kimeng'olewa au namba imesagwa, ondoka. Mali ya wizi hurudi kwa mwenyewe, na pesa yako hairudi.

Hatua ya pili: propela

Ishike propela karibu na kila krosi, kile kiungio cha umbo la msalaba kinachoiruhusu kupinda, uitikise juu na chini, kisha uizungushe huku na huku. Krosi nzima haichezi. Ukisikia mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, au ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya beringi, hiyo krosi imeisha. Kubadilisha krosi si kazi kubwa. Propela iliyopinda au kupasuka ni habari nyingine.

Vuta propela irefuke, kisha ikusanye. Mabomba yake yateleze bila kukwama. Yakikwama yanaisukuma giaboksi kila trekta inapokata kona au kunyanyua zana, na beringi ya mbele ya giaboksi ndiyo inayolipia. Kifuniko cha plastiki kiwepo, kizunguke bila kushikana na shafti, na minyororo yake ya kukizuia iwe imefungwa. Propela isiyo na kifuniko hunasa nguo na kuvuta mtu mzima kwa kufumba na kufumbua. Bei ya kifuniko kipya iingie kwenye hesabu yako, na usiikubali mashine ifanye kazi bila hicho.

Halafu kuna klachi ya kuteleza, kile kikombe chenye sahani na springi kinachotakiwa kuteleza kisu kinapogonga jiwe au kisiki. Mashine ikilala nje msimu mzima, sahani zake hushikana kwa kutu na klachi inageuka kuwa chuma kimoja. Chora mstari wa chaki juu ya ukingo wa sahani zote, muuzaji alegeze nati za springi kwa kipimo sawa, kisha PTO iwashwe kwa muda mfupi sana, mwendo wa injini ukiwa chini na watu wakiwa mbali. Baada ya kuzima, mistari ikiwa imeachana, klachi inateleza. Isipoachana, imeshikana, na hujui imeshikana tangu lini. Muda wote huo kila kisiki kilichogongwa kiligongwa na gia. Nati zirudishwe kwenye urefu wa springi uliopendekezwa na mtengenezaji. Kama badala ya klachi mashine inatumia bolti ya kukatika, ile inayokatika makusudi ili kuokoa gia, tazama iliyomo sasa. Bolti ngumu iliyowekwa badala ya ile laini inaleta madhara hayohayo.

Hatua ya tatu: giaboksi

Fungua kizibo cha kupimia. Oili iwe kwenye kimo chake. Chovya kidole, kisha paka kwenye kitambaa cheupe na utazame juani. Oili ya gia iliyozeeka huwa nyeusi au ya kahawia, na hilo peke yake si kosa. Ikiwa nyeupe kama maziwa au ya kijivu, maji yameingia, na beringi zimeshaanza kutoboka vishimo. Ikinuka kuungua, giaboksi imefanya kazi ikiwa imepata moto kupita kiasi. Ikiwa safi kabisa, mpya, inang'aa, mwulize muuzaji ilibadilishwa lini na kwa nini. Huenda ni matunzo, huenda ni kuficha ushahidi.

Omba kutoa oili kidogo kupitia kizibo cha chini. Kizibo kikiwa na sumaku, kitazame. Matope laini meusi kama wanja ni ya kawaida kwa gia zinazosagana. Chembe unazoweza kuzishika kwa kucha, au vipande vyenye umbo, ni meno ya gia au vipande vya beringi. Kizibo kisicho na sumaku, pitisha ya kwako kwenye oili iliyotoka. Muuzaji anayekataa katakata kutoa hata kikombe kimoja cha oili nisingemlipa, hata akipunguza bei.

Shika shafti inayoingia, uivute na kuisukuma, uinyanyue na kuishusha. Ikicheza kwa namna unayoiona kwa macho, beringi imekwisha au haijakazwa vizuri. Mwisho angalia oili sili, ule mpira unaozuia oili isivuje kwenye shafti. Sili inayolowana kidogo ni bei ndogo, mradi shafti inayopita ndani yake haijachimbika mfereji. Ikiwa imechimbika, sili mpya itavuja baada ya wiki.

Hatua ya nne: baa ya diski

Hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka. Baa ya diski iliyoharibika inaweza kugharimu karibu na bei ya mashine nzima iliyotumika.

Shusha baa ilale sawasawa, fungua pazia, ufute juu ya baa ili uone vizuri. Vaa glavu. Anza na diski ya mwisho upande mmoja. Ishike diski ya jirani yake isizunguke, kisha izungushe ya kwanza taratibu huku na huku mpaka meno ya gia yaguse kila upande. Utahisi mwanya mdogo. Kwa chaki, weka alama ya umbali ambao ukingo wa diski umesafiri kabla ya kushika. Hamia jozi inayofuata, mpaka mwisho wa baa. Usikae ukikisia mwanya unaofaa ni kiasi gani, linganisha tu. Jozi zote zikifanana, gia zimechakaa pamoja, na hilo ni uzee wa kawaida. Jozi moja ikiwa na mwanya mkubwa kuliko wenzake, kuna jino lililolika au kitovu kilicholegea hapo. Diski ikizunguka peke yake bila kuzungusha nyingine, ama kinga ya kukatika iliyo chini yake imefanya kazi yake, ama gia imekatika. Baadhi ya watengenezaji huweka kinga hiyo makusudi, na kuibadilisha hakuhitaji kufungua baa. Uliza modeli hiyo inayo au haina, kwani tofauti ya gharama ni kubwa mno.

Sasa tazama mpangilio. Diski nyingi zina umbo la yai, na kila moja hukaa kinyume cha jirani yake kwa robo mzunguko ili visu vyao vipishane bila kugongana. Moja ikiwa imekaa upande kidogo kuliko mpangilio wa wenzake, gia iliruka au mtu aliifungua akaifunga vibaya. Alama za kugongana utaziona kwenye ncha za visu vya jirani.

Kisha shika kila diski kwa kingo mbili zinazokabiliana, uitikise kama mtu anayebembea kwenye mizani. Mchezo wa juu na chini ni wa beringi. Baada ya hapo zungusha mlolongo wote taratibu, mzunguko mzima, mkono ukiwa mwepesi. Uzito usiobadilika ndio unaoutaka. Mahali panapokwama na kuachia, au unaposikia mchanga ukisagika chini ya kiganja, pana beringi iliyokufa. Rudia uone kama panajirudia palepale.

Nenda chini. Viatu vya kutelezea chini ya kila diski hulika, na hiyo ndiyo kazi yao. Ila vikiisha kabisa, baa yenyewe huanza kusugua ardhi na kuwa nyembamba. Piga tochi utafute mahali palipong'aa, palipobonyea au palipochomelewa. Kiatu kilichochomelewa sina neno nacho. Boksi la baa lililochomelewa sinunui, maana joto la kuchomelea hupotosha mstari wa gia na kuunguza sili. Funga kamba kutoka mwisho mmoja wa baa hadi mwingine kwenye ukingo wa mbele na uone kama katikati imejipinda.

Oili ya baa ikaguliwe kama ya giaboksi, baa ikiwa imelala sawasawa kama kitabu chake kinavyosema. Kuna jambo moja zaidi hapa: oili iliyozidi huharibu kama iliyopungua. Diski zinazunguka karibu mara 3000 kwa dakika, na gia zinazopiga oili nyingi kwa kasi hiyo huipasha moto mpaka sili zinaachia. Kama baa ni ya vipande, kila kipande na oili yake, fungua kila kimoja.

Visu vyenyewe ni suala dogo. Viwepo vyote, vibembee bila kukwama, na vilingane jozi kwa jozi. Ila tazama bolti na matundu yao. Bolti iliyolika shingo ndiyo inayorusha kisu.

Aina nyingine

Kwenye madramu, tikisa kila dramu kwa nguvu, maana beringi zake hubeba uzito mwingi. Visu vya dramu moja hupita katikati ya visu vya jirani, kwa hiyo mpangilio uangaliwe kama wa diski. Sahani ya chini inayoteleza ardhini izunguke bila kukwama. Ipapase unene wake ukingoni, kwani huwa inalika ikawa kali kama wembe. Kama inatumia mikanda, ihesabu uone kama kuna uliopungua. Mkanda unaogusa sakafu ya mfereji wa puli umeisha, hata kama hauna nyufa.

Slasha hufia kwenye sili ya chini ya giaboksi. Nyasi na waya hujizungusha kwenye shafti, hukata sili, oili inashuka taratibu bila mtu kuona, na mwenye mashine anashtuka giaboksi ikilia. Lala utazame pale. Pima urefu kutoka ncha ya kisu kimoja hadi ukingo wa deki, zungusha kisu cha pili kifike palepale, upime tena. Tofauti inayokaribia sentimita moja au zaidi inaonyesha kisu, sahani yake au shafti imepinda. Kagua nyufa za deki kuzunguka giaboksi. Minyororo au mapazia ya mbele na nyuma yakikosekana, mawe yatarushwa mbali.

Mashine ya nyundo, zungusha rota kwa mkono. Hesabu visu vinavyokosekana, maana pengo moja tu hutikisa rota nzima na kula beringi za pembeni. Tafuta pia waya uliojiviringisha karibu na beringi hizo.

Kisu cha msumeno kinastahili maneno zaidi kwa sababu watu hukikimbia bila sababu. Meno yaliyovunjika na vidole vilivyopinda hubadilishwa kimoja kimoja, na visikutishe. Angalia badala yake vibanio vinavyokikandamiza kisu na mabamba ya chini yanayokibeba. Kisu kikiweza kunyanyuka, nyasi hujikunja katikati badala ya kukatwa. Zungusha kwa mkono mpaka kisu kifike mwisho wa mwendo wake kila upande. Kila jino liishie katikati ya kidole. Kisha shika mwisho wa nje wa baa na uuvute nyuma. Katika mashine iliyowekwa sawa, mwisho wa nje umetangulia mbele ya mwisho wa ndani kwa takriban sentimita 2 kwa kila mita ya baa, ili msukumo wa nyasi ukiurudisha nyuma baa iwe imenyooka. Ukiukuta umebaki nyuma na bawaba inacheza, pini na bushi zake zimekwisha.

Rola za kuponda: zile za mpira zisiwe na vipande vilivyong'oka, zizunguke bila kugusana chuma, na beringi za mwisho zisicheze. Rola moja mpya ya mpira ni pesa nyingi, kwa hiyo izungushe mzima mzima ukiitazama.

Hatua ya tano: haidroliki

Hapa ni upesi. Nyanyua mashine, zima injini, weka alama ya kimo chake, uache dakika 10. Ikishuka, silinda au valvu inavujisha ndani. Fimbo ya silinda iwe laini. Vishimo vya kutu juu yake vitakata sili mpya. Mipira ya kupitishia oili iliyopasuka mpaka nyuzi zikaonekana ibadilishwe. Usitafute uvujaji kwa mkono, tumia kadibodi. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi kupitia tundu dogo sana, na jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka hata kama linaonekana dogo.

Hatua ya sita: iendeshe mpaka ipate moto

Usinunue mashine ambayo hujaisikia ikizunguka. "Trekta imekwenda shambani" maana yake ni kwamba utarudi siku trekta ipo.

PTO iwashwe mwendo wa injini ukiwa chini, kisha upandishwe taratibu mpaka kiwango chake. Kaa mbali, usisimame mbele wala nyuma ya visu. Sikiliza. Mvumo wa sauti moja ni mzuri. Mlio unaopanda pamoja na mwendo kama filimbi ni wa gia zilizolika. Kishindo kinachojirudia ni kisu, diski au krosi. Aliyekaa kwenye kiti cha trekta aseme kama anahisi mtikisiko, maana mtikisiko hufika kwenye kiti kabla sikio halijaupata.

Iache izunguke dakika 10 hadi 15. Zima, subiri visimame, upime joto la giaboksi na la baa mahali pa kila diski. Unachotafuta ni tofauti. Baa yenye joto sawa kila mahali ni nzima. Sehemu moja yenye moto kuliko majirani zake ndipo beringi inapoungua. Bila kipimajoto, sogeza kiganja kwa tahadhari. Chuma kisichovumilika kwa sekunde chache kimefika nyuzi 60 hivi. Pita na tochi tena kwenye kila sili, kwani oili ikishapata moto inakuwa nyepesi na kuvuja mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu.

Kama kuna nyasi karibu, kata. Mita 100 zinatosha. Mstari wa majani yaliyosimama unaojirudia sehemu moja unakuonyesha kisu butu au diski iliyoshuka kasi. Jaribu pia kinga ya kugonga, ile inayoachia baa irudi nyuma: springi na pini zake zisiwe zimeshikana kwa kutu.

Bei

Toa ile karatasi ya bei za vipuri. Visu, mapazia, mikanda, viatu, mipira, krosi na sili za juu ni vitu vya kupunguziwa bei, si vya kukukimbiza. Jumlisha gharama zake pamoja na kazi ya fundi, umwonyeshe muuzaji hesabu yenyewe. Mtu hubishana na maneno, ila karatasi yenye bei za duka humpa shida kuibishia. Klachi iliyoshikana iko katikati: inafunguliwa na kusafishwa, lakini iongezee shaka yako juu ya gia.

Vinavyonifanya niondoke bila kujadili ni chembe za chuma kwenye oili, boksi la baa lililochomelewa, namba iliyofutwa, na kukatazwa kuiendesha. Bei ya kutupa haibadilishi lolote kati ya hayo.

Mkikubaliana, andikeni hati yenye majina ya pande mbili, namba ya chesisi na tarehe, na ulipe mashine ikiwa mbele yako pamoja na propela yake, kitabu chake na vipuri alivyokuahidi. Propela huwa "inasahaulika" sana.

Ikishafika kwako

Mwaga oili zote, za giaboksi na za baa, uweke ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Weka visu vipya pamoja na bolti mpya kwa jozi, ukaze kwa nguvu iliyotajwa, kisha kaza tena baada ya saa ya kwanza ya kazi. Piga grisi kila nipeli mpaka ya zamani itoke.

Pima propela kwenye trekta yako kabla ya kuzungusha chochote, kwa sababu ilikatwa kwa ajili ya trekta ya mtu mwingine. Ikirefuka kabisa, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wao. Ikikusanyika kabisa, kwenye kona kali au zana ikinyanyuliwa, ibaki nafasi ya sentimita chache kabla ya mabomba kugota. Ikiwa ndefu, kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo kimoja pamoja na vifuniko vyake, piga tupa kingo, upake grisi ndani. Ikiwa fupi, usiiunge, tafuta nyingine.

Baada ya saa chache za kukata, fungua kizibo cha oili mpya na utazame tena kwa sumaku. Matope membamba yakiwa machache, endelea na kazi. Ukikuta chembe, simamisha mashine hapohapo na uifungue, kwa sababu beringi moja iliyobadilishwa mapema inaokoa gia zote zilizo kwenye oili hiyo.